Sarafu za Tabora za 1916: zitambue kwa mihuri yake kabla hujatoa pesa

Anayeuza sarafu ya zamani hapa Kampala huanza na hadithi. Babu alikuwa askari, alirudi nayo kutoka vita vya Wajerumani, ikakaa kwenye kopo la maziwa miaka yote hii. Hadithi yenyewe inaweza kuwa kweli tupu. Wanajeshi wa Uganda wa King's African Rifles walikuwa katika jeshi la Waingereza lililoshuka kutoka upande wa Ziwa mwaka 1916, na wapagazi wa Uganda walibeba mizigo ya jeshi la Wabelgiji lililoingia Tabora tarehe 19 Septemba mwaka huohuo. Sarafu ya Tabora kuonekana Masaka au Mbarara si muujiza. Tatizo ni kwamba hadithi hiyohiyo huuzwa pamoja na sarafu bandia, na huko mara nyingi husimuliwa vizuri zaidi.

Kwa hiyo msikilize mzee kwa heshima, kunywa chai yake, kisha iulize sarafu yenyewe.

Sarafu zenyewe ni zipi

Vita vilipoanza mwaka 1914, meli za Waingereza ziliifunga pwani ya koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki. Sarafu zilizokuwa zikifuliwa Ujerumani hazikufika tena, na zile zilizokuwepo watu walizificha majumbani. Mwaka 1916 karakana ya reli ya Tabora ikageuzwa kiwanda cha sarafu. Humo zilitoka sarafu za heller, fedha ndogo ya koloni hilo chini ya rupia: heller 5 za shaba ya manjano, heller 20 za shaba ya manjano na nyingine za shaba nyekundu, na rupia 15 za dhahabu iliyochimbwa Sekenke. Zote zina mwaka 1916 na herufi T, alama ya Tabora. Ukiletewa sarafu ya koloni hilo yenye T pamoja na mwaka mwingine wowote, kazi imekwisha hapo, rudisha na uage.

Heller 20 za shaba ya manjano ndizo zinazoonekana zaidi, nazo si za utajiri. Za shaba nyekundu ni chache kuliko hizo. Rupia 15, ambayo wakusanyaji huiita sarafu ya tembo, ilifuliwa vipande 16,198 tu, na ndiyo inayoigizwa kuliko zote.

Muhuri ni nini, na kwa nini Tabora ni darasa zuri

Kufua sarafu kunahitaji mihuri miwili ya chuma kigumu iliyochongwa picha kinyume. Kipande cha shaba au dhahabu huwekwa katikati, kikagandamizwa kwa nguvu, picha zikajichapa pande zote mbili kwa pigo moja. Chochote kilichomo kwenye muhuri, hata kosa la mchongaji, hujirudia kwenye kila sarafu iliyopigwa nao. Fikiria muhuri wa mwenyekiti wa kijiji (LC1) uliomeguka pembeni: barua zote alizogonga mwaka mzima zina pengo lilelile mahali palepale. Mtu akikuletea barua yake isiyo na pengo, unajua pa kuanzia maswali.

Viwanda vikubwa vya Ulaya hutoa mihuri mingi kutoka kwenye muhuri mama mmoja, hivyo tofauti kati yake ni ndogo mno. Tabora hawakuwa na anasa hiyo. Mihuri ilichongwa palepale, kwa vifaa vilivyopatikana vitani, na kila ulipochongwa mwingine ulitofautiana na wa kwanza kwa mambo ambayo jicho lenye lenzi ndogo linayaona. Tofauti hizo zimeorodheshwa kwenye katalogi kwa miaka mingi. Mwigaji asiyezijua huchanganya mambo, na anayezijua analazimika kuiga muhuri fulani hasa. Kwa hali zote mbili, kuna kitu cha kumkamatia.

Vifaa

Lenzi ya sonara au ya fundi saa inayokuza mara 10 inatosha. Zile za bei rahisi zenye taa na maandishi ya 60x usizihangaikie, zinakuza ukungu. Tafuta pia mizani ya sonara inayosoma hadi 0.01 ya gramu, kalipa ya kupimia kipenyo, sumaku ndogo yenye nguvu, simu yenye kamera nzuri, na taa ya mezani unayoweza kuilaza karibu na meza. Weka kitambaa chini ya mikono yako. Shika sarafu kwa ukingo, vidole visiguse uso wala mgongo.

Hatua ya kwanza: usiioshe

Naiweka mwanzo kwa sababu ndiyo inayovunjwa kila siku. Majivu, ndimu, mchanga, dawa ya kung'arisha shaba: watu wetu wanaamini sarafu inayong'aa ina bei. Ni kinyume. Kusugua hulainisha kingo za herufi na kufuta mikwaruzo midogo ya muhuri, yaani hufuta ushahidi ambao tutautafuta hapa chini, na mnunuzi mjuzi hukata bei papo hapo. Kama kuna uchafu unaoziba maandishi, iloweke kwenye maji safi, kisha igandamize polepole kwa kitambaa laini bila kusugua. Inatosha.

Hatua ya pili: vipimo vya haraka

Sumaku kwanza. Shaba ya manjano, shaba nyekundu na dhahabu hazivutwi. Ikivutwa, ni chuma kilichopakwa rangi.

Kisha uzito na kipenyo. Rupia 15 ina gramu 7.17 na kipenyo cha milimita 22 hivi. Dhahabu yake ni asilimia 75, yaani gramu 5.4 za dhahabu tupu. Kwenye dhahabu uzito uliangaliwa kwa makini, kwa hiyo ikipungua kwa nusu gramu, kuna jambo. Heller 20 ina kipenyo cha milimita 29 hivi, lakini uzito wake usikubabaishe: bamba la shaba halikutoka na unene uleule kila mara, hivyo sarafu halali hupishana kwa gramu kadhaa. Nimeona watu wakiikataa heller 20 nzuri kwa sababu haikulingana na namba waliyoisoma mtandaoni.

Hatua ya tatu: piga picha kabla ya kutoa hukumu

Jicho husahau, picha haisahau. Laza sarafu kwenye karatasi ya kijivu, simu iwe juu yake moja kwa moja bila kuinama, umbali wa kama sentimita 20, kisha kuza kidogo. Piga picha moja kwa mwanga wa juu na nyingine kwa mwanga uliolazwa kutoka ubavuni. Huo wa ubavuni ndio unaoonyesha kilichoinuka na kilichozama. Piga uso, mgongo, na ukingo wote ukiizungusha.

Hatua ya nne: soma mihuri ya heller 20

Hapa usiwe na haraka.

Upande wenye taji una aina mbili. Aina A ina taji kubwa, aina B ina taji dogo. Mtu mwenye sarafu moja mkononi atauliza: kubwa kuliko nini? Usikadirie kwa macho. Kwenye picha pima upana wa taji, pima kipenyo cha sarafu, gawanya cha kwanza kwa cha pili. Fanya hesabu hiyohiyo kwenye picha za A na B kutoka minada inayoaminika au katalogi. Sarafu yako lazima iangukie kwenye moja kati ya hizo mbili. Ikianguka katikati, rudia picha, huenda simu ilikuwa imeinama. Ikianguka katikati tena, anza kuwa na shaka.

Upande wenye thamani una aina tatu, na siri yote imo kwenye L mbili za neno HELLER. Tazama ncha ya mguu wa kila L, pale unapoishia kulia. Kwenye aina A, ncha ya L ya pili imejikunja. Kwenye aina B, L zote mbili zina ncha kali. Kwenye aina C, zote mbili zimejikunja. Jambo dogo kama punje ya mchele iliyovunjika, lakini ndilo linalotenganisha sarafu ya bei ya kawaida na ile inayogombewa mnadani.

Andika matokeo kwa mpangilio mmoja daima: taji kwanza, thamani baadaye. A/B maana yake ni taji kubwa na L zenye ncha kali. Aina mbili kwa tatu zinaweza kutoa jozi sita, na katalogi huziorodhesha kufuatana na madini, shaba nyekundu mbali na ya manjano. Baadhi ya jozi ni adimu kiasi kwamba bei yake hupita za wenzake mara kadhaa. Hapo ndipo kishawishi kinapoingia.

Sarafu iliyotumika sana huwa na L zilizochakaa, na ncha iliyojikunja iliyochakaa inaweza kufanana na ncha kali. Laza taa ubavuni, tazama chini kabisa ambapo herufi inakutana na uwanja wa sarafu, yaani sehemu yake tupu isiyochorwa. Uchakavu huanza juu ya herufi, kwa hiyo umbo la chini ndilo linalobaki mwisho. Ukiona chini kuna mkunjo, ulikuwepo. Ukishindwa kabisa kuamua, andika alama ya kuuliza. Usichague jozi adimu kwa sababu tu unaitamani. Mnunuzi atakayekuja naye ana lenzi.

Heller 5 ya Tabora ina darasa lake fupi: kitako cha taji kinaweza kuwa cha mviringo au kilichonyooka, na unene wa sarafu ama unafika milimita 1 au haufiki. Kalipa na lenzi, dakika chache, basi.

Hatua ya tano: sarafu ya tembo

Upande mmoja una tembo aliyeinua mkonga, milima ikiwa nyuma yake. Upande wa pili una tai wa dola ya Ujerumani, maandishi DEUTSCH OSTAFRIKA juu na 15 RUPIEN chini, na kati ya maandishi hayo kuna mapambo ya michirizi iliyojipinda kila upande. Pambo la kulia ndilo la kutazama. Kwenye muhuri mmoja ncha yake inaishia chini ya herufi T ya OSTAFRIKA. Kwenye mwingine inaishia chini ya A ya kwanza. Hakuna muhuri wa tatu.

T na A zimekaa pamoja, kwa hiyo picha iliyoinama itakudanganya. Fungua picha uliyopiga kutoka juu, chora mstari kutoka katikati ya sarafu upite kwenye ncha ya pambo hadi ukingoni, uone unagusa herufi gani. Ukigusa S au F, sarafu hiyo haikutoka Tabora, hata ikiwa na uzito sahihi.

Na hapa kuna jambo ambalo wanunuzi wetu wengi hawalitegemei: bandia nyingine za tembo zimetengenezwa kwa dhahabu halisi. Thamani yake kwa mkusanyaji imezidi sana thamani ya dhahabu yake, kwa hiyo mwigaji haoni hasara kutumia gramu tano na kitu za dhahabu ya kweli. Sonara ataiweka kwenye mashine ya eksirei, mashine itasoma asilimia 75, kila mtu atafurahi, na bado sarafu itakuwa ya uongo. Mazungumzo huwa hivi:

"Mzee, dhahabu ni dhahabu. Mashine imesema."

"Mashine imesema madini, kijana wangu. Haijasema imefuliwa wapi."

Madini hujibu swali moja, muhuri hujibu jingine. Unahitaji majibu yote mawili.

Kama mashine haipo karibu, maji yanasaidia. Weka glasi ya maji juu ya mizani, rudisha namba kwenye sifuri, kisha ning'iniza sarafu kwa uzi mwembamba izame yote bila kugusa chini wala pembeni. Namba inayotokea ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Gawanya uzito wa sarafu kwa namba hiyo. Dhahabu ya asilimia 75 hutoa jibu la kati ya 15 na 16, yaani sarafu ya gramu 7.17 itaonyesha kama 0.46 ndani ya maji. Shaba ya manjano iliyopakwa dhahabu, yenye uzito huohuo, itaonyesha kama 0.84. Tofauti hiyo hata mizani ya kawaida ya sonara inaiona. Usikubali mtu aisugue kwenye jiwe la kupimia wala aidondoshee asidi.

Tembo wengi waligeuzwa vidani. Zungusha ukingo chini ya lenzi utafute mahali palipolehemiwa kishikizo na baadaye pakasawazishwa kwa tupa. Sarafu inaweza kuwa halali na bado ikawa imeharibika, nayo bei yake ishuke.

Hatua ya sita: kilichoinuka na kilichozama

Kama kuna jambo moja la kujifunza hadi mikono ilizoee, ni hili. Muhuri ukipasuka, ufa unazama kwenye chuma, na kwenye sarafu unatokea kama mstari ulioinuka. Mkwaruzo uliopatikana mfukoni au sokoni unachimba sarafu, kwa hiyo umezama. Laza taa kushoto, tazama kivuli cha mstari kiko upande gani, kisha uhamishie taa kulia. Mstari ulioinuka hung'aa upande wa taa na kutupa kivuli upande wa pili, ule uliozama hufanya kinyume.

Nyufa za muhuri ni ushahidi wa thamani, kwa sababu hukua. Sarafu ya mwanzo haina ufa, ya katikati ina ufa mfupi, ya mwisho ina ufa mrefu, zote kwenye njia ileile. Ukikuta sarafu yako ina ufa unaofuata njia iliyoonekana kwenye sarafu nyingine zilizothibitishwa, umepata ndugu zake.

Sasa geuza hoja. Ukikuta sarafu mbili zenye mikwaruzo iliyozama inayofanana, mahali palepale, urefu uleule, moja yao ni nakala ya nyingine, au zote mbili ni nakala za ya tatu. Mfuko wa mtu hauwezi kukwaruza sarafu mbili sawasawa. Hii ndiyo njia bora ya kukamata bandia zilizomiminwa kwenye kalibu iliyotolewa kwenye sarafu halali, kwa sababu aina ya muhuri kwazo huwa sahihi: zimerithi taji na L za mama yao, pamoja na makovu yake. Ndiyo maana nasisitiza picha. Linganisha na sarafu nyingine ambazo muuzaji huyohuyo au jirani yake anazo, na zile zinazouzwa mtandaoni.

Sarafu iliyomiminwa ina dalili nyingine: vitundu vidogo vya hewa kwenye uwanja, herufi zenye mabega ya mviringo kana kwamba zimelambwa, na wakati mwingine mstari mwembamba unaozunguka katikati ya ukingo ambapo nusu mbili za kalibu zilikutana. Herufi iliyopigwa kwa muhuri huinuka ghafla kutoka uwanjani, ukuta wake unaonekana.

Tahadhari moja kwa upande wa pili: Tabora walifanya kazi vitani. Heller halali inaweza kuwa na pigo hafifu upande mmoja, picha iliyohama kutoka katikati, au bamba lenye ufa. Ukorofi wa kazi si uongo. Kinachotafutwa ni kama ukorofi huo umetokana na pigo au umetokana na kumimina.

Kwa walio na shilingi, si heller

Kwenye makopo ya Uganda utakuta zaidi sarafu za East Africa za wakati wa Waingereza, na njia ni ileile. Shilingi za George VI hadi 1946 zina fedha asilimia 25. Kuanzia 1948 ni shaba na nikeli, na maneno ET IND IMP (kifupi cha Kilatini, "na Kaisari wa India") yameondolewa baada ya India kupata uhuru. Maneno na mwaka vikigombana, simama hapo. Angalia pia alama za viwanda, H, KN, I na SA, pamoja na tarakimu ya mwisho ya mwaka, kwa sababu kubadilisha tarakimu kwa patasi ndogo ni kazi ya jioni moja. Chuma kilichosukumwa huacha uwanja wenye mawimbi kuizunguka.

Na tafadhali, senti 10 yenye tundu ya Edward VIII ya 1936 si mali ya kuuzia shamba. Mfalme huyo hakumaliza mwaka kwenye kiti, kweli, lakini sarafu hizo za senti 5 na 10 zilitolewa kwa wingi, zisizo na herufi, zenye H na zenye KN. Kila wiki kuna mtu anayeombea moja mamilioni.

Hatua ya mwisho: faili na mauzo

Weka sarafu kwenye kibahasha cha karatasi au plastiki isiyo ya PVC, kwa sababu PVC huacha utando wa kijani kwenye shaba. Juu yake andika madini, uzito, kipenyo, jozi ya mihuri, nyufa ulizoziona, na ilikotoka kama ulivyoambiwa. Hadithi ya mzee nayo iandike, ina nafasi yake, ila chini ya vipimo.

Kwa heller 20 ya kawaida, faili hilo linatosha. Kwa tembo, au jozi adimu ya shaba nyekundu, inafaa kuipeleka kwa wakaguzi kama NGC au PCGS wa Marekani, wanaoifungia kwenye kasha lenye namba unayoweza kuihakiki kwenye tovuti yao. Makasha nayo huigizwa, kwa hiyo linganisha picha ya tovuti na sarafu iliyomo, mkwaruzo kwa mkwaruzo. Kabla ya kuituma nje ya nchi, pita Makumbusho ya Uganda pale Kamwokya uulize kama inahitaji kibali. Ni rahisi kuliko kueleza ukiwa Entebbe.

Mnunuzi wa mbali akiomba picha, mpe kwanza ya taji na ya zile L mbili, au ya pambo la kulia kama ni tembo. Asiyeuliza lolote kuhusu hizo anakusudia kununua kwa uzito, na bei atakayotaja itakuwa ya uzito.